Kula hotelini na marafiki: Tunauliza bei, hatuulizi mafuta

NDUGU msomaji, mtu wa mjini siku hizi anakula nje zaidi kuliko anavyokula kwake. Asubuhi supu na chapati kwa mama ntilie, mchana wali maharage kwenye hoteli iliyo karibu na kazi, jioni chipsi mayai pale kona. Siku ya mapumziko, kama mfuko unaruhusu, atawakusanya marafiki waende kwa Wahindi, kwa Waarabu au kwa Wachina. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini hebu sikiliza maswali ambayo Muislamu huyu anamuuliza mhudumu. Kuna nini leo? Bei gani? Pilipili ipo? Soda baridi ipo? Akishajibiwa hayo manne, anaagiza.

Kuku kachinjwa na nani, hilo haulizi. Mafuta yaliyokaangia chipsi yamekaangia nini kingine tangu asubuhi, hilo ndiyo kabisa halimjii akilini. Na ukimkumbusha, atakuambia wewe una siasa kali, au atasema kwa kuwa hoteli haiuzi kitimoto basi mambo yote ni shwari. Je, ni kweli kwamba mambo yote ni shwari?

Mimi ni mtu wa Kisiba, wilayani Rungwe. Huku kwetu Waislamu ni wachache. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kazi yao imeshika mizizi: jirani yangu wa kulia ni Mmoravian, wa kushoto ni Mlutheri, na wote wawili ni watu ninaozikana nao. Nguruwe wanafugwa majumbani kama kuku. Kwa hiyo suala la nani kachinja na sufuria imepika nini, ambalo kwa msomaji wa Tanga au wa Kariakoo linaweza kuonekana ni la kitabuni, kwetu ni la kila siku. Nadhani kwa sababu hiyo mtu wa Rungwe anaweza kumfaa kidogo mtu wa mjini, kwani mji nao sasa umechanganyika kama Rungwe.

Katika likizo moja nilipata wageni wawili kutoka Dar es Salaam. Mmoja ni ustadhi anayesomesha madrasa, mwingine ni mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye hufuata bidhaa zake Guangzhou, kule China. Wale majirani zangu wawili wakajiunga nasi, tukawa watano. Tukawapeleka wageni kuliona Ziwa Kisiba, ambalo wengine huliita Ziwa Masoko, lile ziwa la mviringo lililokaa ndani ya shimo la volkeno, na pembeni yake lipo boma la Wajerumani ambalo baadaye liligeuzwa mahakama. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha zao humo ziwani. Wageni walitaka kuzamia! Tukawaambia njaa kwanza. Tukapanda gari tukarudi Tukuyu kutafuta hoteli.

Hoteli tuliyoingia ni ya kawaida kabisa, ya meza za plastiki na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Ubaoni waliandika: ndizi nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage, chipsi kuku, chai ya maziwa. Mchele wa Kyela, samaki wa Ziwa Nyasa, ndizi za palepale Rungwe, maziwa ya palepale, na chai ambayo majani yake yamechumwa kwenye milima unayoiona ukiwa mlangoni. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam miaka kumi asile chakula kibichi na kizuri namna hiyo kwa fedha ndogo namna hiyo.

Ustadhi akamwita binti anayehudumia, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kuku hawa wanachinjwa na nani?" Binti akacheka kwa aibu, akaenda jikoni. Akatoka mama mpishi mwenyewe, anajifuta mikono. Jirani yangu Mmoravian akamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," naye akaitika, "Ndaga, tata." Kisha akajibu swali bila kuficha: "Ng'ombe nanunua bucha, wanachinja Waislamu machinjioni. Kuku nachinja mwenyewe hapa nyuma. Mimi ni Mkristo, baba."

Ustadhi akamshukuru. Akauliza la pili: "Na mafuta ya chipsi, mama?" Hapo mama akasita kidogo. Akasema jioni kuna wateja wanaoleta kitimoto chao awakaangie, naye huwakaangia kwenye karai lile lile, maana karai ni moja.

Tazama, ndugu msomaji. Ubaoni hapakuwa na neno nguruwe. Hoteli haiuzi. Hata harufu yake haikuwepo. Lakini ndani ya karai alikuwepo.

Mfanyabiashara wetu akapiga paji la uso akasema, "Haya ndiyo yale yale ya Guangzhou." Akatusimulia, na kisa chake kina mafunzo mengi kiasi kwamba nitakirefusha.

Chakula cha kugusa moyo

Anasema katika jimbo la Guangdong na Hong Kong kuna namna ya kula inayoitwa dim sum. Tafsiri yake ya karibu ni kugusa moyo. Si chakula kimoja, ni vyakula vidogo vidogo vingi vinavyoliwa pamoja na chai, na wenyewe wakienda huko husema wanakwenda yam cha, yaani kunywa chai. Huenda asubuhi hadi mchana, na siku ya Jumapili familia nzima hujaa: babu na gazeti lake, wajukuu, wakwe, kelele tupu. Haikuwa mahali pa kitajiri pale alipopelekwa na wenzake wa biashara. Ulikuwa mgahawa wa wastani, wa watu wa kawaida, kama sisi na ile hoteli yetu ya Tukuyu.

Vyakula huletwa katika vikapu vya mianzi vya duara vilivyopikwa kwa mvuke. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne. Kila kikija, kadi ya meza inapigwa muhuri, na mwisho vinahesabiwa. Kuna har gow, ambayo ni kama sambusa ndogo isiyokaangwa, ngozi yake nyembamba hadi unamwona kamba aliyemo ndani. Kuna siu mai, kikombe cha unga kilichojazwa nyama ya nguruwe iliyochanganywa na kamba. Kuna char siu bao, andazi jeupe laini, ndani nguruwe mtamu wa kuchoma. Kuna wali wa kunata uliofungwa ndani ya jani la yungiyungi pamoja na kuku, kuna miguu ya kuku, kuna keki ya figili nyeupe, kuna vitumbua vidogo vya mayai juu ya unga unaomumunyuka.

Msomaji makini amekwishaanza kupanga: nguruwe tuviache, tule kamba, wali wa kuku, keki ya figili na vile vya mayai. Ndivyo alivyopanga yeye. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kichina kwamba hali nguruwe. Mhudumu akaisoma, akatikisa kichwa kukubali, akaleta vile vya kamba na wali wa kuku. Akala kwa amani.

Safari iliyofuata akakaa na Muislamu wa Kichina, wale wanaoitwa Wahui, akamsimulia alichokula. Yule Mhui akamfumbua macho. Wali wa kuku ndani ya jani kwa kawaida huwekwa vipande vya soseji ya Kichina, ambayo ni ya nguruwe. Keki ya figili vilevile. Ile ngozi ya har gow, ili iwe laini na ing'ae, wapishi wengi huukandia unga na mafuta ya nguruwe. Unga wa vitumbua vya mayai, ule unaomumunyuka, mara nyingi ni mafuta hayo hayo. Kuku na kamba hulowekwa katika pombe ya mchele ili kuondoa shombo. Na juu ya yote, vikapu hupangwa kimoja juu ya kingine juu ya maji yanayochemka: kikapu cha nguruwe kikiwa juu, majimaji yake hudondokea kikapu cha kamba kilicho chini.

Mhudumu hakumdanganya. Kwa Mchina yule, nguruwe ni nyama. Mafuta si nyama, ni mafuta. Soseji kidogo ndani ya wali si nguruwe, ni kiungo cha kunogesha. Kila upande ulisema kweli kwa lugha yake, na chakula kikaharibikia katikati. Naona mama wa Tukuyu naye angeulizwa "mnauza nguruwe?" angejibu "hatuuzi", na angekuwa amesema kweli tupu.

Kwa hiyo swali ndilo linalotakiwa kubadilika. Usiulize kama kuna nguruwe. Uliza mafuta ni ya nini, karai linakaangia nini, kuna soseji ndani, kuna pombe katika rojo.

Yule Mhui akamfundisha jambo jingine la manufaa. Kule China chakula halali huitwa qingzhen, maana yake safi na kweli, na migahawa ya Wahui na ya Wauyghur hutundika neno hilo mlangoni kwa maandishi ya Kichina, mara nyingi kwenye bango la kijani. Zamani lilikuwa likiambatana na neno halali kwa Kiarabu, lakini mwaka 2019 iliripotiwa kwamba wenye migahawa ya Beijing waliamriwa kuyaondoa maandishi ya Kiarabu. Kwa hiyo Muislamu anayesafiri asitegemee kuona Kiarabu, ajifunze umbo la yale maandishi mawili ya Kichina. Guangzhou penyewe ni mji wenye Uislamu wa siku nyingi. Upo Msikiti wa Huaisheng na mnara wake wa kale, na lipo kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.), ambapo siku ya Ijumaa safu hujaa Waafrika wafanyabiashara. Migahawa ya halali haiko mbali na maeneo wanayofikia watu wetu, kama mtaa wa Xiaobei. Nilimuuliza, basi kwa nini ulikwenda kwenye dim sum? Akacheka: "Wenzangu ndio walioalika, sheikh, na nilitaka kuona."

Wanazuoni wanasemaje

Turudi Tukuyu, maana chakula kilikuwa bado hakijaagizwa na mama anasubiri.

Nguruwe amekatazwa kwa maneno yaliyo wazi katika Qur'an (2:173 na 5:3), hapo hakuna mjadala. Mjadala ni juu ya kuku wa mama Mkristo. Aya ya tano ya Suratul Maida inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wengi wameifahamu kuwa inaingiza vichinjwa vyao, endapo mnyama amechinjwa sawasawa na wala hakutajiwa jina lisilokuwa la Allah. Kwa nini basi wazee wetu wa pwani walikuwa hawali? Sababu ipo. Vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki, vinaweka sharti kwamba mtu wa Kitabu asiyekuwa wa kizazi cha Israili ijulikane kuwa wahenga wake waliingia dini hiyo kabla ya kufutwa kwake. Kwa sharti hilo, Mnyakyusa ambaye babu yake alibatizwa baada ya 1891 haingii. Wanazuoni wa madhehebu nyingine, na wengi wa zama hizi, hawaliangalii sharti hilo.

Ustadhi wetu ni Mshafi wa kweli kweli, hakula kuku. Mfanyabiashara alikuwa na rai ya pili, lakini naye hakumla, kwa heshima ya ustadhi. Mimi nitasema ninavyoona: mwenye kufuata rai yoyote kati ya hizo mbili ana pa kushika, na kinachochukiza ni yule asiyekuwa na rai yoyote, ambaye hajui hata kama suala lipo.

Karai ni jambo jingine. Kwa Washafi, chombo kilichoguswa na nguruwe kikiwa na unyevu huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa kumlinganisha na mbwa. Lakini Imam Nawawi, na yeye ni nguzo ya madhehebu hiyo hiyo, aliona kwa upande wa dalili kwamba kuosha mara moja kunatosha. Na imepokewa kwamba Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu wanaoishi jirani nao, na katika mapokezi ya Abu Dawud akataja kuwa hupikia nguruwe na kunywea pombe. Jibu likawa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, wasipopata basi wavioshe na wale. Hebu fikiri jinsi swali hilo lilivyo la Rungwe! Sahaba yule alikuwa anaishi kama tunavyoishi sisi. Lakini angalia pia kwamba jibu linahusu chombo kilichooshwa. Mafuta ya jana yaliyobaki karaini hayaoshwi, ni kumwaga tu. Chipsi zile hazikuwa na njia.

Wapo watakaosema, basi tusile popote. Huko nako ni kupotea. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaletewa nyama na watu wapya katika Uislamu, na hawajui kama limetajwa jina la Allah juu yake au la. Akawaambia walitaje wao jina la Allah na wale. Hadithi hii ipo kwa Bukhari. Na imepokewa na Imam Ahmad kwamba ukiingia kwa ndugu yako Muislamu akakulisha, kula, usimhoji. Kwa hiyo ukikaa kwenye hoteli ya Muislamu anayejulikana, usianze kumkagua jikoni kama bwana afya. Maswali ninayoyasema ni ya mahali ambapo kuna sababu ya kuuliza, na mgahawa wa Kichina au hoteli yenye karai moja ni mahali hapo.

Hata kamba tu, kwa hakika, si wa wote. Sisi Washafi viumbe wa baharini kwetu ni halali. Ndugu zetu Mahanafi, ambao wamo wengi katika Waislamu wenye asili ya Kihindi, kwao kinachohalalika baharini ni samaki, na wametofautiana kama kamba ni samaki au si samaki. Ukimwalika rafiki wa Kihanafi usimwagizie kamba ukidhani umemkirimu.

Na sosi ya soya? Hii huchachushwa, na katika kuchachuka hutoka kilevi kidogo chenyewe. Wanazuoni wametofautiana, wengi wa wanaotoa fatwa leo hawaikatazi kama hakuna pombe iliyoongezwa na wingi wake haulevyi. Pombe ya mchele inayomiminwa sufuriani kwa makusudi ni hukumu nyingine kabisa, na maneno ya kwamba "inaungua yote motoni" hayana msingi, kwani sehemu yake hubaki chakulani hata baada ya kupikwa.

Kuuliza si kugombana

Liko jambo ambalo lilinigusa zaidi mezani pale. Majirani zangu wawili, ambao kwao kuku na chipsi havina tatizo, nao waliagiza ndizi na maharage. Ustadhi akawaambia, "Jamani, nyinyi kuleni kuku." Yule Mlutheri akajibu, "Leo tunakula pamoja."

Nayasema haya kwa sababu tunajua nchi hii imepita wapi. Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje ulimwaga damu na mchungaji mmoja akauawa. Aprili ya mwaka huo huo Tunduma, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wetu wa Mbeya, ikawaka kwa sababu hiyo hiyo, maduka yakafungwa na mabomu ya machozi yakapigwa. Kutoka Tukuyu hadi Tunduma si mbali. Tulisikia habari zile tukiwa tunatazamana na majirani zetu.

Tangu hapo Waislamu wengine wa huku waliona bora kunyamaza, kula kimya kimya au kutokula kimya kimya, ili wasionekane wachokozi. Nadhani kunyamaza huko hakutusaidii. Mama yule wa hotelini hakukasirika alipoulizwa. Aliulizwa kwa adabu, na mtu mzima, kwa sauti ya kawaida, wala hakuna aliyemwambia chakula chake ni kichafu. Kwa kweli alikuwa na swali lake: akinunua karai la pili, Waislamu wa msikiti wa Tukuyu watakuja kula? Nilimjibu kwamba nitawaambia mwenyewe, na kwamba aliweke alama lisichanganywe. Na kuku je? Ustadhi akamwambia amwite kijana yeyote wa msikitini asubuhi amchinjie, ni kazi ya dakika chache. Mama akasema, "Hilo tu?"

Hilo tu. Je, hoteli ngapi za Mbeya, Morogoro na Dar es Salaam zinapika kwa karai moja kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuuliza? Vyeti vya halali tunavyovitafuta kwenye mabiskuti ya viwandani ni vizuri, lakini cheti hakiwezi kumfikia kila mama ntilie. Mteja anaweza.

Vipande vinne, watu watano

Nilitaja kwamba kikapu cha dim sum kina vipande vitatu au vinne. Sasa mezani mko watano. Nani akose? Mfanyabiashara anasema Wachina wenyewe wana adabu nzuri hapa: mtu hujaza kikombe cha chai cha mwenzake kabla ya chake, anayemiminiwa hugonga meza kwa ncha za vidole kushukuru bila kukatisha mazungumzo, na kipande cha mwisho kila mtu anakikimbia mpaka kinapoa. Bili ikija hugombea kulipa, hadi kuvutana mikono.

Sisi nasi tuna la kwetu, na ni la zamani. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuchukua tende mbili mbili kwa mara moja anapokula na wenzake, mpaka wamruhusu. Tende mbili tu! Basi nini cha yule rafiki yetu ambaye nyama ikija kwenye sinia yeye ameshatengeneza kilima upande wake kabla wengine hawajanawa? Na Umar bin Abi Salama, alipokuwa mtoto mkono wake ukitembea sahanini, alifundishwa ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale cha mbele yake. Vikapu vya Wachina vinavyozunguka mezani vinampa mtu visingizio, kwani kila kitu kinapita mbele yake.

Juu ya kulipa, Qur'an (24:61) imeondoa lawama kwa wanaokula pamoja na wanaokula mbalimbali, kwa hiyo kila mtu kulipa chake si ubakhili kama wanavyodhani watu wengine wa pwani. Na kuchanga kuna asili nzuri zaidi. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ari, kabila la Abu Musa (r.a.), kwamba chakula kikiwapungukia safarini au mjini hukusanya walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa. Lakini walikusanya walichonacho. Hawakuwa na mmoja anayeagiza kuku mzima na juisi mbili, halafu bili ikija anasema "tugawe kwa watano", huku mwenzake mwalimu wa madrasa alikula wali maharage na maji. Mchezo huo upo sana Dar es Salaam, na mwalimu huona haya kusema. Mkitaka kuchanga sawa, muagize sawa, au mkubaliane kabla mhudumu hajaondoka na daftari lake.

Sisi Tukuyu tuliagiza sahani tano za ndizi na maharage, samaki watatu wa kuchemsha wa kugawana, na chai ya maziwa ya Rungwe ambayo mfanyabiashara aliapa kuwa Guangzhou hakuipata, ingawa chai ya kule ni baba yake na hii. Bili ilikuja kwenye kipande cha boksi la sigara, ikagawanyika kwa watano bila maneno.

Limebaki suala la mwaliko wa kibiashara, pale mwenyeji Mchina anapolipa, chupa za pombe zipo mezani na kila mmoja anatakiwa kunyanyua glasi. Wafanyabiashara wetu wengi wananiulizia hilo, na lina hadithi zake na hukumu zake ambazo hazitoshi kwenye nafasi iliyobaki. Inshaallah nitaliandika wiki ijayo.